Great Movie Escape ya Universal Orlando: tuliingia na mama mkwe kutoka Lindi, haya ndo maoni yangu

Kama unaenda Orlando na familia iliyochanganyika, yaani una mtoto wa darasa la sita, una kijana wa miaka 14 ambaye kila ukimuuliza kitu anajibu "poa tu", una wifi, una mzee ambaye Kiingereza chake ni cha salamu, na unatafuta kitu ambacho wote mtakifanya pamoja kwa wakati mmoja, basi mimi nakwambia moja kwa moja nenda Great Movie Escape pale Universal CityWalk, lile eneo la maduka na migahawa nje ya geti la bustani za Universal. Tumecheza michezo yote miwili, tumetoka tunaongea kwa mpigo mpaka hotelini, na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea kutoka Lindi ndo alikuwa anaongea kuliko wote. Kwangu mimi hicho ndo kipimo. Mchezo ambao bibi anaishia kushika mikoba ya watu huo sio mchezo wa familia.

Kwa ambao hawajawahi kwenda, hivi ni vile vyumba vya mafumbo, mnaingia kikundi, mnapewa stori, mnatafuta vidokezo, mnatatua, mnatoka. Hapa stori zinatoka kwenye muvi za Universal wenyewe. Mchezo mmoja ni wa madinosaria, unaitwa Jurassic World: Escape, na mwingine ni wa kusafiri kwenye wakati, wa Back to the Future, wameuita OUTATIME. Pamefunguliwa Desemba 2022 ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa disko, The Groove, na kwa sababu ni CityWalk huhitaji tiketi ya kuingia kule ndani kwenye mabembea makubwa, mnapaki gari, mnapita kwenye ukaguzi wa mabegi, mnatembea taratibu mpaka mlangoni, basi. Hilo peke yake kwa mtu mwenye mzee na bajeti ni jambo kubwa, maana tiketi ya siku moja ya kule ndani inazidi dola 100 kwa mtu mmoja, na mama angeenda kufanya nini kwenye treni inayopinduka kichwa chini?

Ukumbi wa kusubiria wameujenga kama jumba la sinema la zamani, taa za manjano, kaunta ya vinywaji, nakshi ukutani, mama alisimama akaangalia dari akasema hapa pamenikumbusha Avalon, ile ya Dar, alikuwa anaenda kuangalia muvi za Kihindi enzi za ujana wake akiwa anakaa kwa dada yake Kariakoo. Watoto hata hawajui Dar ilikuwa na Avalon na Empire. Tukapata stori ya bure kabla hata ya kuingia.

Sasa niseme kwanini nilikuwa na wasiwasi. Huku Atlanta tunapokaa tulishawahi kwenda kwenye chumba kimoja cha mafumbo, jina silitaji, walichokuwa wanatangaza ni "chumba cha muvi" lakini ukiingia unakuta meza, kabati, na makufuli ya namba kila kona, afu kila fumbo ni karatasi ya Kiingereza iliyojaa maneno ya kuzungusha. Mwenye kusoma haraka ndo anacheza, wengine mnasimama nyuma yake. Mama alikaa kwenye kiti saa nzima. Mdogo wangu wa kiume ambaye ni fundi umeme, mtu mwenye akili kabisa, alitoka pale anajiona mjinga, na hilo liliniuma sana kwa sababu tatizo halikuwa yeye, tatizo ni aliyetengeneza mafumbo alikuwa anamfikiria mtu wa aina moja tu.

Ukweli ni kwamba vyumba vingi bado vinafuata mtindo wa mwanzo kabisa. Mchezo huu ulianza Kyoto, Japani, mwaka 2007, kampuni inaitwa SCRAP ya Takao Kato, karatasi, mafumbo, saa inahesabu, watu wanahangaika. 2011 ukafika Budapest na kule ndo wakautia kwenye vyumba vya majengo ya zamani, makufuli na funguo, ukasambaa Ulaya nzima, Marekani ukaingia. Sheria ikabaki ileile, chumba kimoja au viwili, dakika 60, ukikwama umekwama. Na ukikwama chumba cha kwanza hela yako yote imeishia kuangalia kabati.

Universal wamelibadilisha hilo. Kila mchezo una vyumba nane, na kila chumba kina muda wake. Muda ukiisha mlango unafunguka na mnaendelea mbele hata kama hamjamaliza. Najua kuna wachezaji wakali hawapendi hivi, wanasema sasa kushinda kuna maana gani kama mlango utafunguka tu, na mimi nawaelewa, kama wewe ni mtu wa kutafuta chumba kigumu cha kukuumiza kichwa na marafiki wanne wa hesabu basi hapa utaona kama umeonewa huruma. Lakini kwa familia hii ni neema. Hakuna anayelaumiwa. Fumbo likitushinda tunasikitika sekunde kadhaa, paap, tumeshaingia sehemu nyingine tofauti kabisa, kuna kitu kipya cha kushika, na yule aliyekuwa amenuna kashasahau. Binti yangu mdogo ana tabia ya kulia akishindwa, siku ile hakupata nafasi.

Na mafumbo yenyewe, hili ndo naomba mnisikilize, mengi ni ya kushika, kuangalia, kusikiliza, kulinganisha, kusogeza, yaani ya mikono na macho. Hamna kupanga foleni nyuma ya mtu mmoja mwenye karatasi. Tulikuwa sita na kwenye vyumba vingi wote sita tulikuwa na cha kufanya kwa wakati mmoja. Vidokezo vinakuja kwa sauti na kwenye skrini, kwa Kiingereza, hilo ndo la kujipanga nalo kama una mtu asiyekijua na nitalisema chini tulivyofanya. Siwezi kuwaambia mafumbo yenyewe ni yapi maana nitawaharibia na hela mtakuwa mmetoa bure.

Tulianza na Jurassic World. Stori ni kwamba nyie ni wataalamu wapya wa vinasaba mmeajiriwa kule kisiwani Isla Nublar, mnafundishwa kazi, kuchanganya DNA, mambo ya kulisha wanyama, halafu mnyama mkubwa kuliko wote anatoroka. Ndo hivyo. Mtu yeyote duniani anaielewa stori hiyo kwa sentensi moja, na mama alielewa haraka kuliko nilivyotegemea kwa sababu ambayo sisi wengine wala hatukuifikiria.

Tukiwa tunasubiri zamu yetu baba watoto alikuwa anamweleza, "Mama, humu ndani ni mambo ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa zamani."

Mama akamwangalia. "Mijusi? Si ndo yule wetu wa Tendaguru?"

Watoto wakageuka wote wawili. Bibi akaanza. Kwamba kwao Lindi, porini kule Tendaguru, Wajerumani walikuja kuchimba mifupa ya mjusi mkubwa, na wazee wetu ndo waliochimba, wakaibeba vichwani kwa miguu mpaka bandarini Lindi ikapakiwa melini ikaenda Ujerumani na haijarudi mpaka leo. Kijana wangu, yule wa "poa tu", akatoa simu kuhakikisha, na kila kitu kikawa kweli. Uchimbaji ulikuwa 1909 mpaka 1913, yakaondoka zaidi ya tani 200 za mifupa, msimamizi wa mafundi wa kiafrika alikuwa anaitwa Boheti bin Amrani, na yule mjusi mrefu amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake unapita mita 13 kwenda juu, ana miaka kama milioni 150. Afu akapata jambo jingine ambalo lilimfurahisha mno, kwamba T. rex maarufu wa kwenye muvi kumbe aliishi zama za baadaye sana, miaka milioni 66 na kitu iliyopita, wakati mjusi wa Lindi ndo wa zama za Jurassic kwelikweli. "Bibi, wenu ndo original!" Bibi akacheka, akasema wetu tunamjua, Bungeni kila mara wanamuulizia.

Aisee mimi nimesoma Tanzania mpaka kidato cha sita na huyu mjusi nilishamsikia mara nyingi kwenye taarifa ya habari, lakini kuona watoto waliozaliwa Georgia wamemzunguka bibi yao kwenye ukumbi wa Universal wanamuuliza maswali kuhusu Lindi, hiyo sikuipangia bajeti. Kama una watoto huku nje na bibi au babu yupo, mpe hii stori kabla ya kuingia, utaona mchezo unavyobadilika. Watoto waliingia mle wanajiona ni watu wa fani hiyo kwa kurithi.

Ndani sasa. Chumba cha kwanza tulipoteza muda kwa sababu sauti inatoa maelekezo na sisi wote tunataka kutafsiri, baba watoto anatafsiri, wifi anatafsiri, mimi naongezea, mama anasikia redio tatu. Wifi ndo akapiga stop, akasema mtu mmoja tu ndo atamwambia mama, wengine fanyeni kazi. Ikawa yeye. Kuanzia hapo tukaenda vizuri. Wifi anasimama karibu na mama, anampa kwa kifupi kabisa, "mama wanataka tupange hivi vifanane na vile," na mama anajibu, "haya, nipisheni nione."

Na mama aliona. Amekuwa fundi cherehani miaka yote, ameshona madera na mashuka na sare za shule, jicho lake limezoea kulinganisha pindo na pindo. Kuna chumba tulikuwa na alama za kupangilia, sisi watu wazima watatu pamoja na kijana tumeng'ang'ana tunabishana kuhusu upande wa kushoto, saa inakimbia, mama akapenyeza mkono katikati yetu, akagusa moja na kidole, "hii mmeigeuza." Tukaangalia. Imegeuzwa kweli. Tukaizungusha, mara taa ikawaka na kile kitu kikaitika. Watoto walipiga kelele mle ndani mpaka nikaona aibu kwa wenzetu wa chumba cha jirani, binti yangu akaning'inia kwenye mkono wa bibi yake mpaka mwisho wa mchezo. Kuanzia pale kila chumba kipya tukiingia, kijana wangu kabla hajagusa kitu anasema, "Bibi, unaona nini?" Nyie, mimi nilikuwa naangalia huku machozi yananilenga. Huyu mtoto na bibi yake walikuwa wanasalimiana tu, "shikamoo bibi", "marahaba", basi, kila mtu na upande wake, lugha imewapita. Wiki mbili nzima ndani ya nyumba hawakuwa wameongea kama walivyoongea kwenye saa ile.

Kuhusu uhalisia, wamejitahidi mno. Sauti nzito, mwanga, vitu unavyoshika vina uzito wa kweli sio plastiki za kuchezea, na kwa sababu muvi ni yao wenyewe basi kila nembo, kila herufi, kila rangi ndo ileile uliyoiona kwenye skrini. Vyumba vingi vya mitaani vinavyojiita vya muvi vinabadilisha jina kidogo kukwepa haki miliki, hapa hamna hiyo, na watoto wanaliona haraka kuliko sisi. Binti yangu aliogopa sehemu moja ya kelele, akamshika baba yake, halafu akaendelea. Mtoto mdogo zaidi ya hapo mwenye woga wa giza na mingurumo mimi ningefikiria mara mbili.

OUTATIME tulicheza siku nyingine, wifi ndo alitutoa wote, Mungu ambariki. Huu ni mchezo wa baba watoto. Yeye alikulia Ilala na kanda za video, Back to the Future ya 1985 ameiangalia mpaka anajua nani atasema nini, na alipoingia mle akawa mtoto. Stori yake ni kwamba mko mwaka 1993, Biff, yule mbaya wa kwenye muvi, ameiba chombo cha kusafiri kwenye wakati cha mwanasayansi Doc Brown, na nyie mnafuata vidokezo alivyoviacha Doc ili kuokoa mambo yasiharibike. Kama umeiangalia hiyo muvi utaenjoi kila kona, kuna vitu vidogo vidogo vingi vimefichwa, baba watoto kila chumba anaita "njooni muone hiki!" na mimi namvuta twende kwenye fumbo. Kama hujaiangalia, ni mchezo mzuri bado, mafumbo yanachezeka, lakini utakuwa unauliza Biff ni nani na kwanini tunamkasirikia. Sisi tuliiangalia muvi usiku wa kuamkia siku hiyo hotelini, mama alisinzia katikati, kwahiyo mle ndani ilibidi wifi amwelezee mara mbili nani mwizi nani mwenye mali. Alipoelewa kwamba ni mali imeibiwa na inabidi irudi kwa mwenyewe, akakolea.

Ukiniuliza niseme upi ni bora, kwa ubunifu nafikiri OUTATIME umeshinda, namna unavyotoka sehemu moja kwenda nyingine mpaka unajiuliza wamewezaje kwenye jengo moja. Lakini kwa familia yenye vizazi vitatu Jurassic World ndo wenyewe, kwa sababu hauhitaji kujua chochote kabla. Mjusi katoroka, kimbieni. Marafiki wa rika moja waliokua na muvi za miaka ya themanini, waende OUTATIME bila kufikiria.

Hela. Hapa sitazunguka. Tulilipa karibu dola 50 kwa kichwa kabla ya kodi, watu sita hiyo ni kama dola 300, kwa pesa ya nyumbani ni zaidi ya laki saba, kwa shughuli ya kama saa moja ukihesabu na maelezo ya mwanzo. Ni nyingi. Kuna familia hiyo ni ada ya muhula. Mimi naona kwetu ilistahili kwa sababu nilizozisema, na kwa sababu ukiilinganisha na kuwapeleka watu sita kule ndani siku nzima, hii ni sehemu ndogo tu, na mzee hachoki. Lakini sio kitu cha kwenda kwa kushtukiza tu eti tunapita njia. Uweke kwenye bajeti ya safari tangu mwanzo, na uamue mchezo mmoja tu kama pesa ya wa pili haipo. Bei zinabadilika kutegemea siku, kwahiyo ingia kwenye tovuti yao uangalie tarehe zako kabla hujawaahidi watoto.

Jambo jingine ni kwamba ukikata tiketi za kawaida mnaweza kuchanganywa na watu msiowajua kama nafasi zimebaki. Kuna namna ya kulipia faragha, kikundi chenu tu. Kwa watu mnaoenda na mzee ambaye mtakuwa mnamtafsiria kwa sauti kila dakika, mimi nashauri mtafute namna ya kuwa peke yenu, ama kwa kujaza nafasi na ndugu na majirani, ama kwa kuchagua siku na saa ambazo watu sio wengi. Mkiwa wenyewe mtaongea Kiswahili chenu kwa kujiachia, mtacheka, mtaitana, hakuna mgeni wa kumwonea haya. Mchezo wote uko kwenye kuongea. Ukiona kitu sema. Usikae nacho kichwani ukidhani wengine wameshakiona.

Sasa naomba kidogo niwe mama mwenye wasiwasi, na hili ni kwa chumba chochote cha mafumbo, popote pale ulipo, sio Orlando tu. Januari 2019 kule Koszalin, Polandi, mabinti 5 wa miaka 15 walikwenda kwenye chumba cha mafumbo kusherehekea birthday ya mwenzao, moto ukatokea, wakashindwa kutoka, wakafariki wote watano. Serikali ya kule ikaamuru vyumba vyote nchini vikaguliwe na vingine vikafungwa. Watoto wa watu walienda kucheza tu. Tangu nilipoisoma ile habari siingizi mtoto wangu kwenye chumba chochote kabla sijauliza maswali haya mbele ya mhudumu bila haya: mlango umefungwa kwa ufunguo au unafunguka wakati wowote nikitaka, mlango wa dharura uko wapi, na nani anatuangalia tukiwa ndani. Pale Universal niliuliza, mhudumu akanijibu vizuri bila kunishangaa, akaeleza cha kufanya mtu akitaka kutoka katikati ya mchezo, nikatulia. Sehemu nyingine ukiuliza wanakuchekea au wanasema "usijali dada". Hapo geuza gari. Mchezo wa kufungiwa haimaanishi ufungiwe kweli.

Mengine madogo madogo. Ni kusimama na kutembea muda wote, kwahiyo mzee avae viatu vyake vya kutembelea sio vya kupendezea, mama alikuja na kobazi zake za kila siku na alikuwa sawa kabisa. Kama mnaswali, pangeni saa, sisi tulichukua nafasi ya baada ya Magharibi, tukaswali hotelini pale International Drive ndo tukatoka, ukichukua ya katikati utakuwa unaangalia saa badala ya mafumbo. Kwa upande wa paking, kuanzia saa 12 jioni kwa kawaida magari hayalipi pale kwenye jengo lao, isipokuwa siku za matamasha yao maalum, ni akiba nzuri tu ukichanganya na bei ya tiketi. Fikeni mapema kidogo, kutoka paking mpaka mlangoni ni mwendo, na ukaguzi una foleni yake. Kuleni kabla, maana mtoto mwenye njaa hatatatua chochote. Watoto wetu walinyoosha moja kwa moja Voodoo Doughnut baada ya mchezo, foleni ndefu lakini walishatuahidisha tangu asubuhi.

Na kwa wale wa nyumbani mnaotaka kufungua biashara ya namna hii Dar, Arusha au Mombasa, maana najua mpo mnaoifikiria, njooni muone hivi vyumba halafu chukueni kitu kimoja tu, sio mitambo ya mamilioni, chukueni ile kwamba watu sita wote wana kazi kwa wakati mmoja na mafumbo yanashikika kwa mikono. Stori tunazo. Hiyo ya wapagazi wa Tendaguru kutoa mifupa porini mpaka melini Lindi, mimi mwenyewe ningelipa hela kuingia, na maelekezo yakiwa kwa Kiswahili mama mkwe wangu atawafungulia vyumba vyote nane kabla saa haijaisha.